Nukta ya Nne

Mashine ililetwa imefungwa kwa kanga,
nzito kama mtoto wa miezi mitatu.
Mwalimu Mshiu akaitua mezani pangu
kati ya cherehani isiyo na mkanda na suruali za watu.
"Fundi, hii si ya kushona."
Nikasema, naona.
Vitufe sita, na kimoja kirefu katikati,
rangi ya kijivu iliyochubuka pembeni,
pale viganja vya watoto hupumzika.

Nina miaka thelathini na moja hapa Kiusa.
Nimefungua Singer, nimefungua Butterfly,
redio za marehemu, saa ya usharika.
Ya nukta nundu sijawahi.

Akanieleza ugonjwa wake, nami sikuelewa:
"Kitufe cha nne hakiandiki.
Mtoto akiandika mama, karatasi inasema kaka."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
M ina nukta tatu: ya kwanza, ya tatu, ya nne.
Ing'oe ya nne, inabaki k.
Baba hubaki baba, hana nukta ya nne mwilini.
Babu naye salama.
Ni mama tu anayepotea.

Muhula mzima Aikande aliandika insha ya mama yake,
auzaye mshare sokoni Mbuyuni,
anayeamka saa kumi na kitenge cha jana,
na muhula mzima wakamsahihisha:
kaka havai kitenge.
Rudia.
Sita kwa ishirini.
Alisema, "Nimebonyeza."
Wakasema mashine imetoka ng'ambo, haikosei.
Mtoto ametoka Kibosho,
basi mtoto ndiye aliyekosea.

Wanayo na kompyuta inayosema, mwalimu alinipa habari,
sauti ya kike, Kiswahili cha mgeni aliyeshuka jana;
"ng'ombe" anamtamka kama mwenye mafua.
Watoto wanampenda, wanamwiga bwenini.
Ila umeme ukikatika, bibi yule hukata kauli.
Hii ya chuma hugonga tu.
Giza kwake si habari.

Nikafungua.
Vumbi jekundu, punje ya makande iliyokauka ikawa jiwe,
na springi iliyokatika, nyembamba kama unywele.
Haiuzwi Moshi. Arusha nilipiga simu, haiuzwi.
Nikawaza siku mbili.
Ya tatu nikavunja kalamu ya wino, ile ya kubonyeza,
nikachomoa springi yake,
nikapunguza mizunguko mitatu kwa koleo.

Ijumaa alikuja mwenyewe,
darasa la sita, soksi moja imeshuka,
fimbo nyeupe ikigonga miguu ya wateja wangu
bila kuomba radhi.
Akakalia kiti changu. Akatia karatasi.
Kidole cha shahada, cha kulia, kikashuka.
Ta. Ta. Ta. Ta.
Akapapasa. "Bado kaka."
Nikafungua tena, nikaivuta springi kidogo.
Ta. Ta. Ta. Ta.
"Kaka, ila ameanza kubadilika."
Mwalimu akageukia ukutani, mabega yakimtikisika.
Mara ya tatu mtoto hakusema kitu.
Alipita mstari polepole, akarudi mwanzo,
akapita tena, kama mtu anayehesabu chenji.
"Huyu hapa."

Nami nikainama na macho yangu yote mawili,
na miwani juu yake,
nikaona vipele kwenye karatasi.

Bei? Nikasema mia tano, ya kalamu.
Kabla hawajaondoka akaniuliza jina,
akaligonga, akachana karatasi, akanipa.
Ninayo kwenye droo, chini ya bobini.
Kazi ikipungua naipapasa.
Huenda ni jina langu.
Huenda ni kitu kingine kabisa, cha kunicheka.
Nitamuuliza wakiirudisha;
nimeshawaambia,
springi ya kalamu haidumu.